Meno Yang'okayo kwa Siri

Mpwani afikapo Kericho au Bomet, kwenye mashamba ya chai, huenda akakutana na mzee wa Kipsigis asiye na meno mawili ya mbele ya chini. Si maradhi, yaling'olewa ujanani kwa mila, hadharani.

Mimi nahofia meno yapoteayo kwa siri. Siku hizi wembamba umefanywa ndio uzuri, na wako vijana, wa bara na wa pwani, wajinyimao chakula au wajitapishao kila walapo. Hiyo si saumu. Saumu ina wakati wake wa kufuturu. Asidi itokayo tumboni hula gamba gumu la jino, na jino likafa ganzi kwa maji baridi. Doa la chai husafishwa likatoka. Gamba lililolika halirudi.

Aliyetapika asikimbilie mswaki, maana atazidi kulikwangua jino. Asukutue kwanza kwa maji.

Dini yatuhimiza mswaki, na kusitiriana pia. Lakini kusitiri si kunyamaza. Haya ni maradhi ya nafsi na mwili pamoja. Mwenye nayo asichekwe wala asikaripiwe. Apelekwe kwa daktari mapema.