MALEZI NYUMBANI: Kusema Si Kusoma



Mama mmoja, mke wa askari, alinijia juzi akiwa na daftari la mwanawe mkononi. Mumewe alihamishwa kikazi kutoka Gulu kwenda Mbarara, na kama ilivyo kawaida yetu watu wa kambini, magodoro yakakunjwa, masufuria yakapakiwa garini, na mtoto wao wa darasa la tatu akaiacha shule katikati ya mwaka.

"Mwalimu," aliniambia, "mwanangu hakukawia kuizoea lugha ya huku. Miezi mitano tu, naye acheza na wenzake na kugombana nao kwa Kinyankole kama aliyezaliwa hapa. Mbona basi daftari limejaa wino mwekundu? Baba yake asema ni uvivu, na fimbo ameshaikata."

Swali hili ni zito, kwa maana fimbo ipigwayo pasipo kosa huua hamu ya kusoma, na hamu hiyo ikishakufa ni kazi kubwa kuifufua. Tena si swali la mama huyu peke yake. Tangu mwaka 2007, mpango wa elimu hapa Uganda umeagiza madarasa matatu ya kwanza yafundishwe, inapowezekana, kwa lugha ya mahali, na darasa la nne liwe la kuvukia kwenye Kiingereza. Basi mtoto wa askari aliyeanza kwa Kiacholi aweza kukutana na Kinyankole njiani, kisha Kiingereza, na nyumbani kambini wazazi husema Kiswahili. 

Nitajibu kwa mfano wa nchi ya mbali, nayo ni Japani. Siichagui kwa kuwa watoto wake wana akili kuliko wetu. Naichagua kwa sababu waalimu wa shule zake za msingi wamelazimika kulifikiri jambo hili mara mbili: kwanza kwa ajili ya watoto wao wenyewe, na baadaye kwa ajili ya watoto wa wageni.

Mjapani naye hufundishwa Kijapani

Kijapani si kigeni sana kwa sikio la Mswahili. Irabu zake ni tano kama zetu, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Mtoto aliyeimba ba, be, bi, bo, bu mbele ya ubao hatashangaa kumsikia mwenziwe wa Japani akiimba ka, ki, ku, ke, ko. Yapo hata maneno yalingananayo kwa sauti, ijapokuwa maana zimeachana: "saba" kwao ni aina ya samaki, "hana" ni ua, na "nani" huulizia kitu, si mtu.

Ugumu wake umo katika maandishi. Mtoto huingia darasa la kwanza mwezi wa Aprili, akiwa ametimiza miaka sita, naye Kijapani akijua tayari kwa ulimi. Hata hivyo hukalishwa chini na kuanzishwa mwanzo kabisa. Hupewa hiragana, herufi 46 za msingi, kila moja ikisimamia sauti yake. Kisha hupewa katakana, herufi nyingine 46 zenye sauti zile zile, zitumikazo zaidi kuandikia maneno yaliyotoka nchi za nje. Baada ya hapo huja kanji, maandishi yenye asili ya Kichina, ambayo kila moja hubeba maana yake.

Kwa utaratibu ulioanza kutumika mwaka 2020, mtoto hufundishwa kanji 1,026 kwa miaka yote sita ya shule ya msingi. Darasa la kwanza hupata 80, la pili 160, la tatu 200, la nne 202, la tano 193, na la sita 191. Ndiyo haba na haba hujaza kibaba.

Za kwanza huchaguliwa zile zilizo karibu na macho ya mtoto. Mlima huandikwa kwa vilele vitatu, na mto kwa mistari mitatu iteremkayo. Alama ya mti ikiandikwa mara mbili huwa kichaka, ikiandikwa mara tatu huwa msitu. Na alama ya mtu ikiwekwa kando ya mti husomeka "kupumzika". Mwalimu huchora mstari mmoja mmoja ubaoni, nao watoto huinua vidole na kuufuata hewani kabla ya kushika kalamu. Mstari upi utangulie na upi ufuate ni sheria, kama ilivyo sheria katika gwaride mguu upi kuanza. Kazi iliyofanywa vyema huzungushiwa alama nyekundu mfano wa ua.

Sasa tazama muda utumikao. Katika darasa la kwanza, somo la lugha ya taifa limetengewa vipindi 306 kwa mwaka, kila kipindi dakika 45, kati ya vipindi 850 vya masomo yote. Ni zaidi ya theluthi moja ya mwaka wa shule. Na hao ni watoto waliozaliwa katika lugha hiyo, wakanyonya nayo, wakaota ndoto nayo. Serikali yao haikusema, "Kwa kuwa wanaongea, basi wanajua." Ilitambua kwamba kusema ni jambo moja na kusoma ni jingine.

Walipokuja watoto wa wageni

Mtihani wa pili ulifika baadaye. Mwanzoni mwa karne ya 20, Wajapani wengi walihamia Brazili na Peru kutafuta maisha. Mwezi wa Juni 1990, sheria mpya ya uhamiaji ya Japani iliwafungulia wajukuu wao njia ya kurudi kufanya kazi. Wengi waliingia viwandani katika miji kama Hamamatsu na Toyota, wakawapeleka watoto wao katika shule za serikali. Waalimu wakajikuta na wanafunzi wenye majina ya Kijapani, lakini wasemao Kireno au Kihispania. Baadaye wakaja watoto wa mataifa mengine mengi. Hesabu ya Wizara ya Elimu ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa wanafunzi zaidi ya 58,000 wa shule za serikali, za msingi na za juu, walihitaji kufundishwa Kijapani.

Si wote waliofika hata mlangoni mwa darasa. Mtoto wa kigeni hupokewa bure katika shule ya serikali mzazi akiomba, lakini sheria ya kumlazimisha mzazi kumpeleka mtoto shule huwahusu raia. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa watoto wa kigeni karibu 20,000 wenye umri wa shule ama hawakuwa wakisoma, ama haikuthibitika kwamba wanasoma.

Waliofika walifundishwa kwanza maneno ya kujiokoa: tumbo linaniuma, naomba kwenda chooni, sielewi, na katika nchi ile ya matetemeko ya ardhi, maana ya amri ya kuingia chini ya meza. Baada ya muda wakacheza mpira na wenzao, wakataniana na kucheka. Kwa macho ya wazazi, kazi ilikuwa imekwisha. Hapo ndipo mtego ulipokuwa umetegwa.

Chukua mfano mmoja. Mtoto wa kigeni amwonapo mama akianika nguo, husikia neno "kawaku", yaani kukauka, akalishika. Lakini afikapo darasa la nne, katika somo la sayansi, kitabu hakisemi hivyo. Husema "johatsu", yaani maji kugeuka mvuke na kupaa. Neno hilo hakulisikia uwanjani wala dukani. Jambo lenyewe alijua, alilokosa ni neno la kitabu. Asipojibu, huonekana mvivu au mzito wa akili, ilhali maji yale ameyaona yakikauka mara mia.

Jim Cummins, mtaalamu wa elimu huko Kanada, alilieleza jambo hili tangu miaka ya 1970 na 1980. Alionyesha kuwa mtoto mgeni huweza kuzoea lugha ya mazungumzo kwa muda wa miaka miwili hivi, lakini lugha ya masomo humchukua miaka mitano au zaidi kuwafikia wenzake. Miaka ya katikati ndiyo ya hatari, kwa sababu ulimi umekwisha kupona na kila mtu hudhani mgonjwa mzima.

Wajapani walijibu kwa vitendo. Mwaka 2003 Wizara yao ilitoa mpango wa kufundisha lugha pamoja na somo lenyewe katika shule za msingi. Kwa njia hiyo mwalimu aweza kuweka bakuli la maji juani, mtoto akatazama yanavyopungua, akaeleza kwa maneno yake machache, ndipo akapewa neno la kitabu. Mwaka 2014 mafunzo ya Kijapani kwa watoto hawa yalipata nafasi rasmi katika ratiba: mtoto aweza kutolewa darasani na kufundishwa kando kati ya vipindi 10 na 280 kwa mwaka, kwa kadiri ya haja yake. Mwaka huo huo kikatolewa kipimo cha ana kwa ana. Mtoto hukaa na mwalimu, huzungumza juu ya picha, huchagua kitabu, hukisoma, kisha husimulia alichosoma.

Yatupasayo sisi nyumbani

Kutoka katika habari hizi nawatolea wazazi mambo manne.

La kwanza, usimpime mtoto kwa kelele za uwanjani. Mpe kitabu chake asome ukurasa mmoja, kisha akifunge na kukusimulia. Asimulie kwa lugha yoyote mnayoelewana. Akisoma maneno yote bila kujua habari, basi ugonjwa ni wa lugha ya kitabu, na dawa yake si fimbo.

La pili, tenga robo saa kila jioni ya kusikiliza. Huko Japani mtoto wa shule ya msingi hupewa kazi ya kusoma kwa sauti nyumbani, na mzazi hutia alama katika kadi kuwa amemsikiliza. Mama asiyejua kusoma asione haya, sikio lake litatambua pale mtoto anapokwama, naye aweza kuuliza, "Hapo wasema nini?" Baba aliye lindoni mbali na asikilize kwa simu siku apatapo nafasi.

La tatu, msiitupe lugha yenu. Wataalamu wengi huwashauri wazazi wageni waongee na watoto kwa lugha waijuayo vizuri, wala si kwa lugha ya shule iliyovunjika vunjika. Jambo lililokwisha kueleweka kwa lugha ya mama ni rahisi kulipatia jina la pili. Mzazi akiiacha lugha yake, huenda mtoto akabaki na lugha mbili nusu nusu, asiweze kuzungumza na bibi yake wala kukielewa kitabu.

La nne, siku ya kuhamia, mzazi na aende kwa mwalimu mpya, amweleze mtoto atoka wapi, amesoma madarasa mangapi na kwa lugha gani. Dakika kumi za maelezo zaweza kumwokoa mtoto na mwaka mzima wa kudharauliwa.

Nalimwambia mama yule afanye jaribio la kwanza jioni ile ile. Siku ya pili akarudi. Kijana alisoma ukurasa mzima wa Kinyankole bila kusita, lakini alipofunga kitabu hakuwa na la kusimulia. Mama akamweleza habari ile kwa Kiacholi, kwa msaada wa jirani aliyekijua kitabu. "Kumbe ni hiyo tu!" akasema mtoto, kisha akaisimulia yote, na ya kwake akaongeza.

Baba, hata hivyo, hajaridhika. Ameniletea salamu kwamba mtoto wa askari hulelewa kwa nidhamu. Nakubaliana naye, nami namjibu kwa heshima: kuruta afikapo chuoni, mkufunzi humfundisha kwanza jina la kila sehemu ya bunduki, namna ya kuifungua na namna ya kuifunga. Haadhibiwi kwa kukosa shabaha kabla ya kuonyeshwa jinsi ya kulenga. Huyu mtoto wako, ndugu askari, amehamishwa kama wewe ulivyohamishwa, ila yeye hakupewa barua wala posho ya safari. Mpe muda, mpe sikio lako, na fimbo hiyo ifanye ya kufukuzia kuku.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.