UDONGO UPIMWE KWANZA!

Ndugu wanaushirika,

Ati kiwanja cha kile kiwanda kilichokufa kigawiwe wanachama, kila mtu apate tuta lake la mchicha! Hoja hiyo imeletwa kwenye Kamati na wengine wameipigia makofi. Sisi tunasema hapana. Hapana, mpaka udongo upimwe.

Mmesahau kazi ya pale? Walikuwa wakipasua betri kuukuu za magari, maji yake makali wakiyamwaga chini, na risasi wakiiyeyusha. Tajiri kafunga, kaondoka na mashine zake. Majivu kamwachia nani?

"Mbona nyasi zimeota?" Jamani! Risasi haina harufu wala haiozi. Hukaa kwenye udongo wa juu miaka na miaka, na nyasi zikaota vilevile. Mtoto anachezea vumbi, anatia kidole kinywani, risasi inaingia damuni na kumharibu ubongo.

Tazameni Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha namna hiyohiyo kilifungwa 2014, lakini sumu haikufungwa nacho. Wananchi, wakiongozwa na mama Phyllis Omido, walikwenda mahakamani. Mwaka 2020 wakashinda: fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na amri ya kusafisha udongo. Rufaa zikawazungusha hadi Desemba 2024, Mahakama ya Juu ilipowarudishia haki yao. Je, walishinda kwa kelele tu? La! Damu na udongo vilikuwa vimepimwa.

Basi na sisi tufanye hivi:

1. Waliofanya kazi pale watuonyeshe tanuri lilikuwa wapi na maji ya betri yalimwagwa wapi.

2. Udongo uchotwe hapo, wa juu na wa chini, kila mfuko uandikwe mahali ulikotoka. Mfuko mmoja utoke shamba la mbali, wa kulinganishia. Maji ya kisima nayo yachotwe.

3. Vyote vipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na barua iende kwa wasimamizi wa mazingira wa serikali. Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema mchafuzi ndiye alipe.

Wanasema kupima ni gharama. Na kuuguza mtoto je, ni bure?

Ndugu, Mkutano Mkuu ukifika, msinyooshe mkono kwa tamaa ya tuta. Majuto ni mjukuu, na hapa mjukuu mwenyewe ndiye anayechezea vumbi.

USHIRIKA NI NGUVU!