Balbu Iliyong'olewa

Fundi aliyeitoa injini ya lita 2.0 katika gari langu kuukuu na kuweka ya lita 2.5, iliyokwisha kutumika Japani, alifanya kazi safi ya spana. Kompyuta aliiacha ileile. Taa ya injini ilipowaka kwenye dashibodi, aliing'oa balbu na kuniambia: "Mwalimu, sasa haitakusumbua."

Ndugu zangu mlioko maofisini, litafakarini tendo hilo. Kompyuta ya gari hupima petroli kwa kufuata jedwali lililoandikwa kwa ajili ya injini moja mahususi. Kwa kawaida hulenga gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu ya petroli, na sensa ya oksijeni kwenye ekzosi huisahihisha, ingawa kwa kiasi chenye mpaka. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho, kompyuta nyingi huacha kuisikiliza sensa hiyo, zikafuata jedwali peke yake. Jedwali lisipolingana na injini, petroli yaweza kupungua, joto likapanda, pistoni zikaungua.

Simlaumu sana fundi. Mimi ndiye niliyekataa gharama ya kuliandika upya jedwali, na ndiye niliyeushukuru ukimya wa dashibodi. Nimewahi kukaa katika kikao ambamo ripoti ya mkaguzi ilipunguzwa makali, nasi tukashukuru vivyo hivyo. Mkono wangu ulikuwa miongoni mwa iliyonyooshwa kuipitisha.

Balbu nimeirudisha. Inawaka hadi leo, nami naendesha polepole huku nikiweka akiba ya kazi iliyobaki.