Mtaka fizikia na ainamie hesabu

Wengi wetu huku pwani husadiki kwamba hesabu ni kipaji: aliyepewa kapewa, aliyenyimwa kanyimwa. Mimi nami nilikuwa na fikira hiyo kwa miaka mingi. Leo naikana, na sababu zangu ni hizi.

Nilikuwa nimekwisha kutimiza miaka arobaini niliponunua kitabu kinachoeleza nadharia ya Einstein ya mwaka 1915, ihusuyo jinsi maada inavyopinda anga na wakati. Kurasa za mwanzo nilizisoma kwa furaha. Halafu zikanikabili alama nisizozijua, nikawa kama baharia aliyeshushwa bandari ya ugenini. Mara tatu nilikianza kitabu kile na mara tatu nikakifunga, nikasema kichwa changu ni kizito.

Kumbe kosa halikuwa la kichwa, bali la mlango nilioingilia. Mtoto chuoni huanza na alifu, be, te, kisha irabu, kisha sura fupi fupi. Hakuna mwalimu ampaye tafsiri siku ya kwanza. Mbona katika fizikia twataka kuanzia darini? Einstein mwenyewe, mwaka 1912, alipoona hesabu alizokuwa nazo hazimtoshi, alimwendea rafikiye Marcel Grossmann, aliyesoma naye chuo kikuu, akajifunza upya.

Basi nilimwomba mwanangu kitabu chake cha hesabu cha sekondari. Haya ilinishika, sifichi. Lakini kijana akaketi nami barazani, akaniambia, "Baba, hiyo x isikutishe. Ni jina tu la kitu ambacho bado hatujakijua." Na hiyo aljebra, ndugu msomaji, si ngeni kwetu. Jina lake latokana na al-jabr, neno lililomo katika jina la kitabu alichokiandika Al-Khwarizmi huko Baghdad katika karne ya tisa.

Baada ya aljebra nilipitia jometri na trigonometri, nikafika kwenye kalkulasi, yaani hisabati ya mabadiliko. Hapo ndipo nilipofunguka macho. Chukua nazi iangukayo. Ukiacha upinzani wa hewa, sekunde ya kwanza ikiisha imeshuka mita 4.9, ya pili ikiisha, mita 19.6. Je, mwisho wa sekunde ya pili ina kasi gani? Kati ya sekunde 1 na 2, wastani ni mita 14.7 kwa sekunde. Kati ya 1.9 na 2, ni 19.11. Kati ya 1.99 na 2, ni 19.551. Kadiri unavyoubana wakati ndivyo jibu linavyokaribia 19.6. Kalkulasi ndiyo hiyo! Usiku ule nilizikokotoa hesabu hizo mwenyewe kwa kalamu, na usingizi ukanipaa kwa furaha.

Atakayesema kwamba hayo ni ya wenye shahada, nitamtajia George Green, mwana wa mwoka mikate wa Nottingham, Uingereza. Shuleni alikaa kama mwaka mmoja tu akiwa mtoto, kisha akafanya kazi katika kinu cha babaye cha kusagia nafaka. Hisabati alijifunza zaidi peke yake. Mwaka 1828 alichapisha insha juu ya umeme na sumaku, na njia alizozibuni wanafizikia wanazitumia hata leo. Chuo kikuu cha Cambridge alikiingia mwaka 1833, akiwa na umri wa miaka 40.

Ushauri wangu ni mfupi. Usiruke daraja. Usisome hesabu kama usomavyo gazeti. Shika kalamu, fanya zoezi, ukikosea rudia. Saa moja kila siku baada ya sala ya Isha yashinda siku nzima mara moja kwa mwezi. Na ukikwama, muulize ajuaye, hata akiwa ni mwanao wa kumzaa.

Kitabu cha Einstein bado sijakimaliza. Lakini siku hizi, zile alama zilizonifukuza nazitambua moja moja, kama mtu anayejua majina ya majirani zake. Naomba tusiwaambie watoto wetu kuwa hesabu si yao, wala sisi wazee tusijiambie kuwa wakati umetupita. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama si aibu.