Umri wa Brandi ni wa Pipa, Si wa Chupa

Wako watu wanaotunza chupa ya brandi kabatini miaka nenda miaka rudi, wakiamini kwamba inazidi kukomaa. Imani hiyo haina msingi. Brandi ya zabibu hukomaa ndani ya pipa. Ikishatiwa chupani, umri wake umekoma.

Katika eneo la Cognac, Ufaransa, lilikotoka neno la Kiswahili “konyagi”, divai hukenekwa mara mbili katika mitambo ya shaba, kisha hulazwa katika mapipa ya mwaloni kwa muda usiopungua miaka 2. Mbao huipa rangi na harufu, hewa huilainisha, na kila mwaka sehemu yake hupotea kwa mvuke. Sheria huhesabu umri wa brandi iliyo changa kuliko zote katika mchanganyiko: daraja la VSOP ni miaka 4, na XO, tangu 2018, ni miaka 10.

Ni dhahiri, basi, kwamba thamani yake ni jasho la mkulima na subira ya mtunza ghala, ambaye pengine hufariki kabla pipa lake halijafunguliwa. Mtumishi atoaye mshahara wake kwa ajili ya umbo la chupa amenunua kioo. Ajuaye husoma kwanza, hunusa taratibu, na hunywa kidogo.