Nundu ya Mtoto Sio Kesi, Muacheni Mama Apumue!

Wadau, leo naongea bila kupepesa macho. Kuna staa mmoja wa kike hapa mjini, jina kapuni, ameposti picha ya mwanae wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto anacheka, vimeno nje, ila kwenye paji la uso ana nundu. Basi! Komenti zikamwagika kama bomba limepasuka. "Unakesha kwenye shoo mtoto anaumia." "Dada wa kazi ndio mama yake." "Ungetulia nyumbani yasingetokea." Na huyu sio wa kwanza kushambuliwa hivi.

Swali langu dogo tu: nyie mnaokomenti, mshawahi kukaa hata saa moja na mtoto anayejifunza kutembea?

Maana mwaka 2012 watafiti wa New York, akiwemo mwanasaikolojia Karen Adolph, walitoa hesabu ya watoto wa miezi 12 hadi 19 wakiwa wanacheza zao tu. Kwa wastani mtoto alipiga hatua 2,368 kwa saa na kuanguka mara 17. Kwa saa moja, jamani! Zidisha kwa siku nzima, halafu niambie ni mama gani wa kudaka kila anguko. Na kichwa ndio kinatangulia kwa sababu umri huo ni kikubwa kuliko mwili unavyoweza kukimudu. Mtoto mchanga kichwa chake ni kama robo ya urefu wake, wakati mimi na wewe ni kama moja ya nane. Huo sio uzembe, ni maumbile.

Halafu kinachokera zaidi, baba haulizwi. Mtoto huyohuyo akipata nundu akiwa na baba, utasikia "hahaha, baba bwana!" Mama akiwa studio ni mzembe, baba akiwa studio anatafuta riziki. Acheni unafiki.

Mnadhani ni utani, ila una madhara. Mama aliyesemwa sana anajifunza kuficha. Anamvalisha mtoto kofia, na hata hospitali anaona aibu kwenda asije akaulizwa "ulikuwa wapi?" Hapo ndipo tunaweza kumpoteza mtoto. Nundu nyingi zinaisha kwa kitambaa cha maji baridi na kubembelezwa. Ila zipo zisizosubiri: mtoto amezimia hata kidogo, anatapika tena na tena, amelegea au haamki kirahisi, amepata degedege, au majimaji na damu vinatoka puani au masikioni. Huyo ni hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Mama anatakiwa awe mwepesi wa kukimbia, sio akae anawaza mtasemaje.

Kama kweli mna uchungu na watoto, kelele zipelekeni kwenye vitu vinavyoua. Mafuta ya taa ndani ya chupa ya maji ya kunywa. Jiko la mkaa na sufuria ya moto pale mkono wa mtoto unapofika. Ndoo ya maji imeachwa wazi uani, mtoto akitumbukia kichwa hawezi kujiinua. Hata vile vigari vya kumsimamishia mtoto atembee, Kanada walipiga marufuku kuviuza tangu 2004, sisi bado tunapeleka zawadi.

Na akiungua, weka maji ya bomba ya baridi yatiririke dakika 20. Dawa ya meno, unga na mayai viacheni jikoni na bafuni. Akinywa mafuta ya taa, usimtapishe, mkimbize hospitali.

Najua kuna mtu atasema, "Je, kama anapigwa?" Hoja ya maana, maana wapo watoto wanaoumizwa kweli. Ila dalili zake sio nundu moja kwenye paji. Angalia michubuko masikioni, shingoni au tumboni, alama yenye umbo la mkanda au vidole, mtoto ambaye hata kutambaa hajaanza lakini ana majeraha, na maelezo yanayobadilika kila ukiuliza. Ukiyaona hayo, komenti yako haimsaidii chochote. Piga 116, ni bure, Tanzania na hata Kenya. Ukishindwa kupiga simu ila unaweza kutukana, basi kilichokuleta sio huruma.

Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Mtoto ndio anavyojifunza. Ukiona nundu kwenye picha, andika "pole mwanangu, anaendeleaje?" Haikugharimu bando la ziada.

Haya, nyie mnaonaje? Mama asemwe au aachwe? Na wanaume, mnajitetea vipi? Tiririkeni hapo chini, ila kwa ustaarabu.