Kumkimbia polisi Eastlands: Kosa ambalo sheria haikulipa jina

LANDROVA ya polisi inapochomoza jioni katika mitaa ya Huruma, Mathare, Kayole au Dandora, vijana hutoweka vichochoroni. Anayenaswa huishia katika mahakama ya Makadara, ambako ni nadra kuulizwa alikosa nini kabla ya kutimua mbio.

Sheria ya Adhabu haina kosa liitwalo kumkimbia polisi. Ina kifungu cha 123, kinachomwadhibu anayetoroka akiwa kizuizini kihalali, na cha 253, kuhusu anayempinga au kumzuia afisa kwa makusudi akiwa kazini. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya mwaka 2011 iliongeza makali: faini isiyozidi Sh1 milioni, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Hebu msomaji amfikirie msukuma mkokoteni wa Kariobangi akisomewa hesabu hiyo!

Lakini kizuizi huanza lini? Sheria ya Taratibu za Jinai inasema mtu hukamatwa afisa anapomgusa au kuuzuia mwili wake, au mwenyewe anapojisalimisha kwa neno au kitendo. Aliyekimbia kabla ya hapo hajatoroka kizuizi chochote, kwa kuwa hakuwa ndani yake. Hapo ndipo shtaka la kuzuia kazi ya polisi hugeuka kapu la kutupia kila kitu.

Dereva wa matatu ana nafuu ya kujua mipaka yake: Sheria ya Trafiki inamtaka atii amri ya polisi aliyevalia sare. Kijana anayetembea kwa miguu hukabiliwa na wanaume waliovalia kiraia, bunduki kiunoni, na hana hakika kama ni askari au majambazi.

Si kwamba kila akimbiaye ni malaika. Wanyang'anyi wa simu pia hukimbia, na afisa ana idhini ya kutumia nguvu zinazohitajika dhidi ya anayekwepa kukamatwa. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo inakataza nguvu kupita kiasi. Kuhusu risasi, Sheria ya Huduma ya Polisi inataja kumzuia mtu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa asitoroke kizuizini. Kijana anayekimbia msako hajashtakiwa kwa lolote.

Ni pengo hilo, wala si faini, linalowatia hofu wazazi wa Eastlands. Mwaka 2017, video ilisambaa ikionyesha mwanamume aliyetambuliwa kuwa afisa wa polisi akiwapiga risasi vijana wawili mchana peupe Eastleigh, mmoja akiwa tayari amelala chini. Machi 30, 2020, risasi ya polisi waliokuwa wakitekeleza kafyu ilimuua Yassin Moyo, mvulana wa miaka 13, akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko. Yeye hakuwa akikimbia hata kidogo.

Kwa kijana aliyekulia karibu na matukio hayo, kusimama anapoamriwa si jambo jepesi kama linavyoonekana kwenye karatasi ya mashtaka.